Fundo kwenye Pindo la Taulo

Laonji ya uwanja wa ndege,
4 Machi, saa nne asubuhi

Kwako wewe uliyeshona fundo hili,

Na usije ukaniambia ni mtu mwingine, maana fundo lile nalijua kuliko ninavyoyajua meno yangu, na meno yangu nayajua kwa sababu yamebaki sita. Mara mbili kulia, mara moja chini, halafu uzi unakatwa kwa jino, si kwa mkasi. Hata ncha yake nimeipapasa, ina kamkia. Duniani ni mtu mmoja tu aliyekuwa anakata uzi kwa jino huku msimamizi anamfokea, naye ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Na wifi yangu niliambiwa alishakufa.

Kwa hiyo kama wewe ni yeye, nijibu. Kama si yeye, niambie nani alikufundisha.

Ngoja nieleze vizuri, maana huyu mama anayeniandikia anasitasita kama mtu aliyefungua mlango wa jirani akakuta watu wanagombana. Ni mhudumu wa humu laonji. Mimi kusoma sijui, na siku hizi hata kuona sioni. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kushoto naona mwanga tu, la kulia naona watu kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu. Binti yangu amenitaka niende huko anakoishi nikapasuliwe. Mkwe wangu, fundi wa lifti, ndiye aliyekata tiketi, akasema mama hawezi kushuka kwenye ndege ndogo halafu akae saa tano kwenye viti vya chuma akisubiri ndege kubwa, akae laonji. Mimi nikadhani laonji ni jina la ugonjwa wangu.

Kumbe ni chumba. Zulia lake linameza sauti ya fimbo, mpaka unajiona kama umekufa unatembea. Kiti nilichopewa kinanibeba hadi miguu, nikikaa sitoki bila kuvutwa. Chai unajichotea mwenyewe wala hakuna wa kukuuliza, nimeshakunywa vikombe vitatu na biskuti ninazo mkobani, hilo usiliandike. Ameliandika. Haya. Sasa cha ajabu cha humu ni kwamba hawaiti watu. Ndege yako ikiwa tayari unatakiwa uione mwenyewe kwenye kioo cha ukutani. Nikamwambia mhudumu, mwanangu, hicho kioo chenyewe sikioni, sembuse ndege. Akasema, "Tulia bibi, mimi nitakuja kukuita." Ndiyo tukawa marafiki.

Basi akaniletea taulo dogo la moto la kufutia mikono. Analishika kwa koleo kama kaa la jiko. Nikajifuta uso, shingo, nikaanza kulikunja. Mikono yangu imekunja mataulo ya watu miaka ishirini na sita, haingoji niiambie. Ikafika kwenye pindo ikasimama. Nikasema, mwanangu, hebu tazama hapa, kuna nini? Akasema hakuna kitu. Nikamwambia tazama tena. Akasema, "Kuna kauzi keupe, bibi, kamefungwa."

Hakujua, kwa hiyo nikamweleza, na wewe kama si wifi yangu nakueleza pia. Pale dobi tulipofanya kazi, kila mwanamke alikuwa na alama yake. Nguo mpya ikija kwenye fungu lako unaipiga alama kwenye pindo, ili ikirudi na doa ajulikane wa kufokewa. Mimi yangu mishono mitatu ya uzi mwekundu, kama mguu wa kuku. Wifi yangu fundo, kwa uzi wa kijani. Sasa nyeupe ya nini? Alama isiyoonekana ni alama gani hiyo? Ndilo jambo pekee linalonitia wasiwasi. Nimeuliza kama taulo ni la zamani, nikaambiwa haya yamenunuliwa mwezi uliopita. Basi aliyelishona alikuwa hai mwezi uliopita.

Wifi, kama ni wewe. Sitaki ugomvi. Ugomvi niliumaliza wote mimi peke yangu siku ya msiba, mbele ya watu, niliposema ulichagua mataulo ukamwacha mumeo afe anakuita. Hukunijibu hata neno. Wiki tatu baadaye ukaondoka na sanduku moja. Nikakutafuta kwenu, wakasema amehama. Nikatafuta alikohamia, mtu akaniambia amefia hospitali, amezikwa. Nikakulilia siku tatu, halafu nikakukasirikia kwa kufa bila kunijibu. Miaka kumi na moja hiyo.

Sasa nataka kitu kimoja tu. Uko hai?

Mhudumu anasema barua ya posta itachelewa, atalitia karatasi hili kwenye mfuko wa plastiki alitupe ndani ya mfuko wa mataulo machafu, leo leo litafika dobi. Ndege yangu imeonekana kwenye kioo. Ananivuta kutoka kwenye kiti.

Wifi yako, kama ni wewe,
Redio
(nimeweka kidole, sahihi sina)

Mimi niliyeandika naongeza: anuani ya binti yake iko nyuma. Taulo ameondoka nalo. Sikumzuia.

*

Dobi, 11 Machi

Redio,

Ni mimi. Niko hai.

Aliyekufa ni mwanamke mwingine mwenye jina kama langu, tulilazwa pamoja hospitali, kitanda chake kando ya changu. Nilikwenda kumzika. Watu wa kwenu wanapenda kusikia nusu ya habari.

Barua yako nayo nusura ife. Mfuko ulikuwa umeshamwagwa kwenye mashine, maji yanaingia, ndipo nikaona plastiki inaelea. Usinitumie tena barua kwa njia hiyo. Hapa wote wameshaisoma.

Naandika kwa mkono wangu. Nilijifunza hapa mjini, jioni baada ya kazi. Kwa hiyo mimi mambo yetu simwambii mhudumu wa watu.

Nilikuja huku kwa sababu palikuwa na kazi. Sasa niko kwenye pasi, miguu haitaki tena mashine. Mataulo ya uwanja wa ndege mimi ndiye ninayeyapiga alama. Umeuliza uzi mweupe wa nini. Uzi mwekundu huchuja. Basi.

Mambo ya siku ile sitaki.

Ukishapasuliwa usiiname. Usiinue kitu kizito. Usiingie jikoni kwenye moshi. Usiongee sana, ingawa najua.

Rudisha taulo. Likipungua naulizwa mimi.

Chuma

Wanaanza na jicho gani?

*

Nyumbani kwa binti yangu,
24 Machi

Wifi yangu Chuma,

La kulia. Wameshaanza na wameshamaliza, nimefungwa bandeji kama chungu kilichopasuka, na la kushoto wanalifanya wiki ijayo. Siinami. Jikoni siingii, nimekatazwa na binti yangu kabla yako. Kuongea ndiko kumenishinda.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza ilipofika pale "niko hai" binti yangu akaanza kulia, mara ya pili nikalia mimi, daktari akagomba kwamba jicho bichi halitakiwi kulia. Nikamwambia daktari, wewe hujui nani amefufuka. Niliposema niandikiwe majibu binti akalowesha karatasi, kwa hiyo anayeandika sasa ni mumewe. Mkwe wangu ni mtu mpole sana. Ananiandikia amekaa upande ule wa meza kama anangoja hukumu. Mkwe, usiandike kwamba nimesema hivyo. Haya, andika tu, atafurahi kujua binti yetu amepata mume mwema.

Hapa wanakaa ghorofa ya tisa. Nilipoingia kwenye lifti nilimshika mkwe mkono nikasema kama hii kitu umeitengeneza wewe tutafika, kama ameitengeneza mwingine tupande ngazi. Amecheka siku nzima.

Sasa wifi. Hilo neno lako la uzi limenikaa kooni. Uzi mwekundu huchuja. Wangu haukuchuja hata siku moja, nilikuwa naununua kwa yule mzee wa vifungo, uzi mkavu, hata ukiuchemsha. Isipokuwa wiki ile kaka alipolazwa, sikuwa na nafasi ya kwenda kwa mzee huyo, nikachukua kwa mchuuzi wa mlangoni. Na hata ule sikusikia mtu analalamika. Sasa wewe unalaumu rangi ya nini?

Na sitaki kukusukuma, lakini mimi nimekaa na swali miaka kumi na moja na sasa nimepata wa kumuuliza. Tulipangana. Mimi hospitali asubuhi, wewe uje saa sita unipokee. Saa sita ikapita. Saa nane. Kaka akaondoka saa tisa na nusu. Wewe ukaja jua linazama, mikono inanuka dawa ya madoa mpaka wauguzi wakageuka. Ulikuwa wapi? Niambie hata ulikuwa umelala. Nitakubali hata ukiniambia ulikuwa umelala.

Kuna na jambo jingine la siku ile, la kwangu mimi. Hilo mbele ya mkwe siwezi kulisema. Nasikia kalamu imesimama. Litakaa kwanza.

Taulo nimelifua kwa mikono yangu, nimelikunja mara tatu vile vile. Nitalirudisha mwenyewe tarehe ishirini na moja mwezi ujao, nikishuka kwenye ndege kubwa, nitakaa laonji kungoja ndogo. Mhudumu wangu atanikaribisha.

Wifi yako asiye na jicho kwa sasa,
Redio

*

Dobi, 6 Aprili

Redio,

Nimesoma barua yako nikaiweka kwenye mfuko wa aproni siku nne. Nilikuwa nimekwambia sitaki. Lakini umeshaufikia mlango mwenyewe, ule uzi wa mchuuzi, umesimama hapo unabisha hodi wala hujui ni nyumba gani.

Asubuhi ile vilitolewa vitambaa vya meza vya hoteli, arobaini, vipya, ulivyovipiga alama wewe jana yake. Vilikuwa vimechemshwa. Uzi ulikuwa umechuja, kila kimoja kilikuwa na pembe ya rangi ya waridi. Msimamizi alikishika kimoja juu akauliza, "Mguu wa kuku huu wa nani?" Alikuwa anajua. Sote tulikuwa tunajua. Akasema mwenye alama hii akija kesho asivae hata aproni.

Nikasema ni mimi niliyeshona. Nikasema wewe uko hospitali na mume wangu, nikakusaidia fungu lako, uzi nilichukua mimi. Akanitazama akajua naongopa. Akasema basi, vikiwa vyeupe kabla ya jioni nyote wawili mnabaki, visipokuwa vyeupe nyote wawili mnaondoka.

Mishono mitatu mara arobaini, nikaifumua yote kwa ncha ya pini. Halafu dawa. Halafu maji. Halafu dawa tena.

Saa tano ukapiga simu ofisini. Unakumbuka? Msimamizi akaniita. Ukasema, "Amekunywa supu yote leo, anatania wauguzi, usikimbie, maliza kazi zako." Nikamaliza kazi zangu.

Sikukwambia kwa sababu ungejitwisha wewe. Tayari ulikuwa umempoteza kaka. Na binti yako alikuwa shule, ile kazi ndiyo ilikuwa inamlipia ada. Ningekaa, siku moja tungegombana kidogo kuhusu ndoo au kitanda, ningelitoa hilo la vitambaa. Najijua. Ndiyo maana niliondoka. Sikuondoka kwa hasira.

Tangu hapo sishoni rangi.

Sasa nami niseme langu. Kufokewa mbele ya watu nilishasamehe njiani, hata basi halijafika. Kitu kimoja ndicho nilicholala nacho miaka yote: lile neno lako kwamba alikufa ananiita. Nikiwasha pasi nalisikia. Hilo sikulaumu, ulisema kweli. Lakini ungeweza kutolisema.

Siku ukipita laonji usinitafute. Magari ya nguo yanaingia mlango wa nyuma, na mimi siendi na gari, nina miguu mibovu. Taulo mpe mhudumu.

Macho yakipona nifahamishe.

Chuma

*

Laonji ya uwanja wa ndege,
21 Aprili, asubuhi

Wifi yangu,

Yamepona. Hilo kwanza, uache kukunja uso.

Anayeandika ni mhudumu wangu yule yule, nimemkuta, na nimemwona. Kumbe ana mvi na mwanya, sauti ilikuwa inanidanganya, nilikuwa namwita mwanangu kumbe karibu tungecheza wote utotoni. Anacheka. Andika. Zulia kumbe ni la buluu. Kioo cha ndege nakiona, maandishi bado siyajui lakini nayaona kabisa yalivyo makorokoro. Biskuti za humu kumbe zilikuwa na zabibu ndani, mimi mara ile nikizitema nikidhani ni mawe.

Taulo nimelirudisha. Kabla sijampa mhudumu nikalifungua nikatafuta fundo lako kwa haya macho mapya. Sikuliona. Nyeupe juu ya nyeupe. Nikafumba macho, nikapeleka kidole, nikalikuta pale pale.

Wifi, nazunguka. Mhudumu anajua nazunguka, ameweka kalamu chini mara mbili. Barua yako alinisomea binti yangu, nikamwambia funga mlango, mkwe asisikie. Niliposikia vitambaa arobaini nikakaa. Niliposikia simu, nikamwambia acha kusoma.

Ile simu niliipiga mimi. Kwenye msiba kila aliyeniuliza kwa nini mkewe hakuwepo, nilisema sijui. Ungesema nilisahau. Sikusahau. Niliificha mpaka ikajificha yenyewe, maana kama si wewe uliyechelewa, basi ni mimi niliyekuchelewesha, na siku ile nisingeweza kubeba hilo na jeneza. Nikakutwisha wewe. Na wewe ulikuwa umekwisha kunibebea vitambaa. Wifi, ulibeba viwili siku moja, kimoja hujui.

Na bado lipo lile lililonishinda mbele ya mkwe. Mhudumu, hapa andika polepole.

Kaka hakufa anakuita.

Alikuulizia mara moja, asubuhi, kabla ya supu. Akasema, "Chuma yuko wapi?" Nikamwambia yuko kazini, anakuja saa sita. Akasema, "Mwache. Akija mwambieni nimekufa, tuone kama atazima pasi kwanza." Wauguzi wakacheka, na mimi nikacheka, ndipo nikakupigia simu kwamba anatania. Nilikuwa nataka nikusimulie, nikaona nikingoja utakuja atakusimulia mwenyewe. Saa saba akalala. Alikuwa anakoroma, unajua alivyokuwa anakoroma, jirani yake wa kitanda akaomba ahamishwe. Saa tisa na nusu kukoroma kukakoma. Hakuamka, hakuita mtu, mkono wake ulikuwa umekaa kifuani kama anapumzika baada ya kula. Ndivyo alivyokufa. Nikiongopa haya macho yarudi yalivyokuwa.

Neno la kukuita nililitunga mimi, mlangoni, nilipoisikia harufu ya ile dawa mikononi mwako. Na harufu yenyewe kumbe ilikuwa ya uzi wangu.

Siombi chochote. Ulisema nisikutafute, sijakutafuta, nimekaa kwenye kiti changu. Ila nimeona bora ulale leo bila lile neno. Na mimi tangu nianze kulisema najisikia kama nimevuliwa kiatu kilichokuwa kinabana, nilikuwa nimezoea kuchechemea nikadhani ndiyo mguu.

Mkwe amekununulia miwani ya kusomea, nimempa mhudumu pamoja na taulo. Usiseme huihitaji, mwandiko wako binti yangu alisema unapanda mlima. Na kama miguu inauma, kule nyumbani kwangu chumba cha mbele kina kitanda na hakina mtu, hakina ngazi hata moja. Pasi ipo, ya mkaa, unaweza kuitukana asubuhi mpaka jioni. Sisemi uje. Nasema kipo. Fikiria taratibu, ndege yangu ndogo bado saa mbili na

Nani huyo ananiita?

Mhudumu, kaa, si wewe unaita, wewe uko hapa unaandika. Na humu hawaiti watu. Nani anajua jina la Redio humu ndani? Inatoka kule nyuma, kwenye mlango wa mataulo. Sikia. Anasema nishushe sauti, maneno yangu yamefika mpaka kwenye gari la nguo. Anasema miguu inamuuma na hawezi kusimama hapo kutwa nzima kungoja mimi nimalize barua yake.

Nivute kwenye kiti hiki. Kalamu hiyo weka chini. Nakuja, wifi, nakuja.